Maji Moto na Wenyewe

Yapo maneno mawili yasemwayo juu ya chemchemi za maji moto za nchi yetu, nasi tunayakataa yote mawili. La kwanza husemwa na baadhi ya watu wa dini, na walimu wengi huliitikia: kwamba pale ni mahali pa ushirikina, na kijana aliyesoma hana sababu ya kupakanyaga. La pili husemwa na watu wa miradi: kwamba pale ni mali iliyolala, yapasa pazungushiwe ua, pachimbwe bwawa la kuogelea, pajengwe nyumba ya wageni, na mlangoni aketi mtu wa kukata tiketi. Wasemaji hawa hudhani kuwa wanapingana. Sisi twawaona kuwa ni watoto wa tumbo moja. Yule asema maji hayana thamani kwa sababu wazee waliyaheshimu; huyu asema thamani yanayo, ila wazee waondoke. Wote wawili wamekwisha kuwatoa wenyewe katika hesabu.

Tuanze darasani, kwa kuwa maneno haya twawaandikia walimu na wanafunzi. Mwanafunzi wa sekondari aliyezaliwa Nyamuswa, akiulizwa katika somo la jiografia habari za maji yachemkayo chini ya ardhi, atachora mchoro safi wenye mishale. Ataitaja Yellowstone ya Marekani, ataitaja Iceland, ataitaja Rotorua ya New Zealand. Mwulize sasa Maji Moto ya Wangoreme iko wapi. Iko katika mkoa wake mwenyewe wa Mara, kaskazini mashariki mwa kwao, katika Wilaya ya Serengeti. Kata nzima imebeba jina hilo. Hajafika, na hakuna aliyempeleka. Methali isemayo kuwa mwacha mila ni mtumwa imeandikwa kwa rangi katika kuta za shule zetu nyingi, na kijana huisoma kila asubuhi akiingia kujifunza chemchemi za New Zealand.

Nyamuswa yenyewe haina maji moto. Twaitaja kwa sababu ni nchi ya Waikizu, na Waikizu ni watu wa maji ya juu, yaani mvua. Na mtu aliyelelewa kwa habari za maji ya juu hana udhuru wa kutoyafahamu maji ya chini. Wazee wa Ikizu husimulia kwamba Isamongo alikuwa mwindaji mwenye moto, na kwamba Nyakinywa alikuja kutoka Kanadi katika nchi ya Wasukuma akiwa na elimu ya mvua. Wakashindana. Moto ukawashwa, mvua ikanyesha, moto ukazimika, na kutokana na mapatano yao nchi ikapata utemi. Basi kiti cha utemi wa Ikizu kilianzia kwa mwanamke, na hoja iliyompa kiti hicho haikuwa mkuki bali maji. Tumesikia watu wakiicheka hadithi hii kuwa ni ya kitoto. Twawauliza: ni katiba ngapi duniani zilizoeleza kwa maneno machache namna hiyo kuwa mtawala ni yule atakayewaletea watu uhai, na kwamba siku mvua itakapokoma atapaswa kujieleza?

Watu wa namna hiyo hawakuwa na hekalu la mawe. Walikuwa na mahali: mlima kama Chamuriho, ambao jina lake wazee hulihusisha na Muriho wa kale, pango fulani, mti fulani, jicho fulani la maji. Huko ndiko kwenye emisambwa, mizimu ya wazazi waliotangulia kuikalia nchi. Mtu hakwenda huko kama aendaye sokoni. Alikwenda kwa shida iliyojulikana, kama vile ukame, maradhi au utasa. Alikwenda na wazee wa ukoo wenye dhamana. Alichukua kilichotakiwa, akakaa kama ilivyotakiwa, akarudi bila kukata kijiti wala kuchafua maji. Waarabu wana neno lao kwa safari ya namna hii, na Waswahili wamelipokea: ziara. Hatuoni kwa nini neno hilo liwafae watu wa pwani waendao kuzuru kaburi la shehe, lisiwafae Waikizu na Wangoreme.

Hapo mpinzani wetu wa kwanza husimama na kusema, hayo ni kuabudu maji. Vema, na tuyatazame maji ya wengine. Haji arudipo Makka huleta maji ya Zamzam, na majirani huja kuonja kwa furaha. Mkatoliki arudipo Lourdes, Ufaransa, ambako msichana Bernadette Soubirous alisimulia maono yake mwaka 1858, huleta chupa ya maji ya chemchemi ya pale, na hakuna mwalimu mkuu amwitaye ofisini kumwonya juu ya ushirikina. Nasi hatutaki aonywe. Ila twataka kujua kwa sheria ipi maji huwa matakatifu yakisafirishwa kwa ndege, yakawa ya shetani yakichotwa kwa kibuyu.

Tena tusidhani kwamba Wazungu wenyewe waliyatupa ya kwao. Uko mji katika Uingereza uitwao Bath, jina ambalo maana yake ni kuoga tu. Pale maji hutoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 46 hivi, zaidi ya lita milioni moja kila siku. Kabla ya Warumi kufika, wenyeji walimheshimu pale mungu wao wa kike aliyeitwa Sulis. Warumi, walipoiteka nchi katika karne ya kwanza, hawakumfukuza. Walimwunganisha na Minerva wao, wakajenga hekalu na nyumba za kuogea, na mji wakauita Maji ya Sulis kwa lugha yao. Watu walikuja kutoka mbali kuponywa. Walitupa sarafu majini, na walitupa vibati vyembamba vya risasi vilivyoandikwa mashitaka: fulani ameniibia joho langu, mungu amwadhibu, awe mtumwa au mtu huru. Vibati hivyo vimeopolewa zaidi ya mia moja, vimesomwa na maprofesa, vimewekwa katika jumba la makumbusho, na tangu mwaka 1987 mji wote umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwizi wa joho alaaniwaye Uingereza ni historia. Mwizi wa ng'ombe alaaniwaye Mara ni uchawi. Hii ndiyo kasumba, na hatuna jina jingine la kuipa.

Kwa haki, lazima tukubali kuwa maji yamepata kuwadanganya watu wetu, na mtu asiyelikubali hilo hafai kuyatetea. Mwaka 1904 watu walimiminika Ngarambe, karibu na mto Rufiji, kumwendea Kinjekitile Ngwale na kupokea maji ambayo waliambiwa yangezuia risasi za Wajerumani. Kinjekitile alinyongwa Agosti 1905, vita vikaendelea hadi 1907, na risasi hazikuzuilika. Lakini safari zile za Ngarambe ziliwakutanisha watu wa makabila mengi ambao hakuna mfalme aliyepata kuwakutanisha. Tena si jambo la kale tu. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kupata kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Walikuwamo wakubwa na wadogo, wenye shahada na wasiojua kusoma. Baadhi waliacha dawa zao za hospitali, na kosa hilo liligharimu maisha. Sisi twajifunza mawili kwa hayo: kwamba njaa ya kuzuru haikuisha kwa kujenga shule, na kwamba mahali pa ziara pasipo na wenyewe, pasipo na utaratibu wa wazee wala wa daktari, hugeuka kuwa hatari. Ziara za ukoo zilikuwa na wenyewe. Kikombe kile kilikuwa na foleni tu.

Tumgeukie sasa mpinzani wa pili, ambaye ana adabu zaidi na hatari zaidi, maana huja na jalada mkononi. Sisi tunaokula mshahara wa serikali twajua jinsi jalada linavyotembea. Huanza na neno maendeleo. Kisha huja ramani, kisha ua. Wazee huitwa siku ya uzinduzi, wakachezewa ngoma, wakapewa soda. Mwaka ufuatao mzee yuleyule akifika na kondoo wake huambiwa alipe kiingilio au arudi mwisho wa juma, kwa kuwa leo kuna wageni.

Watu wa Mara wana sababu ya kuogopa ua. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipotangazwa mwaka 1951, na mipaka ilipozidi kusogezwa baadaye, Waikoma, Wanata, Waishenyi na Wangoreme waliona mahame yao na mahali pao pa emisambwa pakibaki upande wa wanyama. Hatubishi kwamba wanyama walihitaji hifadhi, na fahari ya Serengeti ni fahari yetu. Twasema tu kwamba babu aliyetaka kuzuru alikozikwa babu yake alihesabiwa pamoja na jangili. Kisha katika miaka ya 1970, na hasa mwaka 1974, watu walihamishiwa vijijini. Shule na zahanati zikawafikia wengi, jambo jema. Lakini mkazi alihama na vyungu vyake, mlima hakuuhama. Sasa ukija ua wa tatu, wa kuzungushia maji, utawakuta wazee wachache sana wa kuupinga, na hao wachache ndio hasa waijuao njia.

Zitazameni chemchemi zetu zilizokwisha kujulikana kwa wageni. Kule Tanga, jirani na mapango ya Amboni, yapo maji moto yenye harufu ya kiberiti. Katika vitabu vya wageni yamebeba jina la Galanos, Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Mkonge ulikuja baada ya maji, na Mgiriki alikuja baada ya mkonge, lakini jina lililobaki ni lake. Katika mapango yenyewe, chumba kiitwacho Mzimuni bado hupokea watu wajao na sadaka zao, na watembeza wageni huwaonyesha hizo sadaka kama waonyeshavyo popo. Kule Hai, Kilimanjaro, watalii hupelekwa kuogelea katika chemchemi ya Chemka, maji mazuri ya buluu chini ya mizizi ya miti. Nayo huuzwa kwa jina la maji moto ingawa wala hayana moto wa kutajwa. Hivyo ndivyo biashara inavyotaka: jina lipatikane, hata kitu kikikosekana.

Tena yako mambo ya Ethiopia, ambayo walimu wa historia wangefanya vema kuyasimulia. Mwaka 1886 Malkia Taytu, mkewe Menelik, alipendezwa na maji moto ya Filwoha, chini ya vilima vya Entoto alikokuwa akikaa, akajengewa nyumba karibu nayo. Watu wa baraza walishuka kuoga, wakajenga, na mji ukaota kando ya maji kama uyoga. Ndio Addis Ababa ya leo, jina lenye maana ya ua jipya. Waoromo waliokuwa pale tangu zamani walipaita Finfinne, kwa ajili ya chemchemi zilezile. Mji mkuu mzima umezaliwa na maji ya moto, na hata hivyo jina la wenyewe lilisogezwa pembeni, na ugomvi juu ya jina hilo haujaisha mpaka leo. Asiyeamini kuwa jina la chemchemi ni jambo la siasa na ajifunze hapo.

Walio karibu zaidi na tunachokitamani ni Waganda wa magharibi. Kitagata, katika Wilaya ya Sheema, yako maji moto mawili yaliyo jirani. Moja lilikuwa la Omugabe, mfalme wa Ankole. La pili watu wameliita Mulago, jina la hospitali kuu ya Kampala! Wagonjwa huketi humo miguu majini, mkulima na karani, wakizungumza. Utani ule wa kuipa chemchemi jina la hospitali una busara kuliko majalada mengi tuliyopata kuyasoma: watu hawakuikana hospitali, wala hawakuyakana maji, ila wameviweka vyote viwili katika sentensi moja.

Maana sisi hatuwaiti watu warudi gizani. Kuyapima maji si kuyakufuru. Sayansi yatwambia kuwa mvua huzama katika nyufa za miamba, hushuka chini sana ambako ardhi ina joto, hunyonya madini, kisha hupanda tena ikipata mwanya. Na kwamba miamba ya upande wetu wa Mara ni ya kale mno, zaidi ya miaka bilioni mbili, kwa hiyo si lazima kutafuta volkano ili kueleza moto wa maji. Basi maji ya chini ni yaleyale ya juu yaliyofanya safari ndefu, na Nyakinywa angelipenda kulisikia hilo. Katika chemchemi kadhaa za Tanzania mapovu yapandayo yana gesi ya heliamu, izaliwayo polepole ndani ya miamba yenye urani, na ambayo hutumika katika mashine za hospitali za kupiga picha za ndani ya mwili. Mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kuwa iko kwa wingi upande wa Rukwa. Mwalimu wa kemia ana somo hapo, na wa fizikia pia. Vilevile wote wajue kuwa maji ya uvuguvugu hukaliwa na viumbe wasioonekana. Kule Bath mwaka 1978 msichana mmoja alifariki kwa amiba baada ya kuogelea katika maji yale, na waogaji wakafungiwa kwa miaka mingi, hadi mabomba yalipochimbwa upya na nyumba mpya ya kuogea ikafunguliwa mwaka 2006. Tena maji yetu mengine ya moto yana floridi nyingi isiyofaa kunywewa kila siku. Wapimaji na waje, basi. Waje kwa hodi.

Msitu wa Muhunda uko Butiama, karibu na Mwitongo, ukihifadhiwa tangu kale kwa heshima ya mizimu ya Wazanaki. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa huko mwaka 1922 na kuzikwa huko mwaka 1999, alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku. Na ndiye aliyeunda wizara ya utamaduni wa taifa Desemba 1962, mara tu alipokuwa Rais. Alikaa jirani na msitu ule, na msitu upo. Kanisa lake halikuanguka kwa sababu hiyo.

Nchi haikosi sheria. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979. Tunayo Sera ya Utamaduni ya 1997. Mwaka 2011 taifa liliridhia mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika. Kinachokosekana ni macho. Jicho la sheria limezoea kuta: likiona magofu ya Kilwa hujua mara moja kuwa huu ni urithi, likiona maji yanayotoka jiweni huona maji. Hata hivyo mfano tunao. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006, na kule Kolo wenyeji wameendelea kwenda miambani kwa matambiko ya mvua na ya uponyaji. Pamekuwa na mivutano, kwa kuwa pombe ya matambiko na rangi za kale hazipatani vizuri, na walinzi wa mambo ya kale wana hofu yao ya haki. Lakini mvutano wa watu wawili wanaopapenda mahali pamoja waweza kusuluhishwa kikaoni. Yule aliyekwisha kununua kiwanja hana haja ya kikao.

Twataka, basi, Maji Moto ya Ngoreme na mahali pote pa jinsi hiyo paandikwe kisheria kwa jina la ukoo au kijiji chenye dhamana, kabla ya jalada la kwanza la ua kufika mezani. Mwenye kuzuru kwa desturi asitozwe senti. Mtalii atozwe, hatuna kinyongo, na fedha yake ijenge choo na kulipa mpimaji wa maji. Bwawa la saruji lijengwe mjini, ambako halina wa kumsumbua.

Na mwalimu wa Nyamuswa asingoje sheria. Atume barua kwa wazee wa Ngoreme, angoje jibu, wala asiende kwa ghafula na basi la wanafunzi hamsini wenye sabuni. Vijana wachukue kipimajoto na daftari. Wasiguse walichokatazwa, hata kama sababu ya katazo haijawaingia akilini. Sababu huja kwa kukaa. Wasichana waketi na bibi zao wa huko, kwa maana mengi ya maji yako kwa wanawake, nao hawakuwahi kuulizwa na mtu mwenye kalamu. Kabla ya yote waulize jina. Ramani yetu imejaa Maji Moto, iko Manyara, iko Songwe, iko Mara, kana kwamba nchi nzima ilibatizwa na karani mmoja mchovu. Mwanafunzi aulize maji haya yaliitwaje na wale waliokunywesha ng'ombe wao hapa kabla ya Kiswahili kufika. Akiambiwa, alirudie jina hilo kwa sauti mpaka mzee aridhike na matamshi yake, aliandike juu ya mstari kwa Kingoreme, na chini yake, kwa herufi ndogo, ndipo aandike: Maji Moto.